Mirihi: waliokuwepo, waliopo na watakaokuja. Tuanze na jiwe lenye madoa ya chui

Kipimajoto (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku huu.

Niko zamu maabara, sampuli za leo si nyingi, na mashine ikishaanza kuzunguka kazi yangu ni kuisikiliza tu. Nimeona nilipe deni la uzi huu.

Huko Mirihi, ile sayari wengi mnaiita Mars, kuna jiwe. Urefu wake ni kama mita moja, upana sentimita 60 hivi. Rangi yake ni ya tofali lililopauka kwa jua, na limepitiwa na mishipa myeupe kama jasi. Limelala kwenye bonde la mto uliokauka linaloitwa Neretva Vallis. Mto huo zamani ulimwaga maji kwenye ziwa lililokuwa ndani ya kasoko ya Jezero, shimo la upana wa kilomita 45 hivi. Julai 2024 roboti Perseverance ililifikia jiwe hilo, ikaliinamia na kulipiga picha kwa karibu. Juu yake kulikuwa na vidoa vidogo vya milimita tu, katikati peupe, pembeni pamezungushiwa weusi. Wanasayansi wakaviita madoa ya chui, na jiwe wakalipa jina la Cheyava Falls. Roboti ikatoboa, ikatoa kipande cha ukubwa wa chaki ya ubaoni, ikakifungia ndani ya bomba la titani. Bomba hilo limo tumboni mwake hadi leo.

Septemba 2025 timu ya Joel Hurowitz ikaandika kwenye jarida la Nature kilichopimwa ndani ya vile vidoa. Kuna madini mawili ya chuma, vivianiti na grigaiti, na kuna kaboni ya aina inayopatikana kwenye mabaki ya viumbe, ingawa inaweza kutokea bila wao. Hapa kwetu duniani, ukichimba tope la chini ya ziwa unayakuta madini hayo mahali ambapo vijidudu vinakula uozo na "kupumua" chuma na salfa badala ya hewa. Yanaweza kutokea bila kijidudu chochote, lakini mara nyingi hapo panahitajika joto kali au tindikali, na jiwe lenyewe halionyeshi kwamba liliwahi kupikwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mitandaoni nimeona vichwa vya habari vya ajabu. Hawakusema wamepata uhai. Walisema ni dalili inayoweza kuwa ya uhai, ichunguzwe zaidi. Kwa mtu wa maabara, tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo kazi yenyewe.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, chupa ya damu ya mtoto iliotesha bakteria. Daktari alikuwa mlangoni anasubiri majibu aanze dawa nzito. Mzee wetu wa maabara akagoma kusaini. Akauliza: nani alichoma sindano, ngozi ilifutwa na kuachwa ikauke au ilipanguswa tu, na chupa ya pili imeota? Chupa ya pili ilikuwa safi kabisa. Wale walikuwa bakteria wa kwenye ngozi, wamepanda na sindano. Tulibakiza saini moja tuanze kumtibu mtoto kwa ugonjwa wa vidole vyetu.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na mnaruhusiwa kuipiga mawe. Kuhusu Mirihi kuna maswali matatu: je, uhai ulikuwepo, je, upo sasa, na je, utakuwepo. Watu wanayajadili kama hayahusiani. Mimi naona la tatu linaweza kutuharibia majibu ya mawili ya kwanza moja kwa moja, tusipate tena nafasi ya kuuliza. Naendelea hapo chini.

Siti ya Dirishani

Nimewahi siti. Kahawa ipo, kashata ipo. Mkuu shusha nyama.

Mjomba Tufe

Hii ni chai. Tangu nazaliwa kila mwaka wamepata uhai Mars, na kila mwaka haupo.

Kipimajoto (mleta uzi)

@Mjomba Tufe una haki ya kuchoka, mjomba, maana historia ya jambo hili imejaa watu walioona walichotamani kuona. Mwaka 1877 Muitaliano Schiaparelli alichora mistari kwenye Mirihi akaiita "canali", yaani mikondo tu. Ilipovuka lugha ikawa mifereji, na mfereji lazima uwe na mchimbaji! Mmarekani Percival Lowell akajenga kituo cha darubini kule Flagstaff, Arizona, akatumia miaka mingi kuchora mifereji ya watu waliokuwa wakivuta maji kutoka kwenye ncha za sayari. Julai 1965 chombo Mariner 4 kikapita karibu na kutuma picha zisizozidi 22. Hakuna mfereji. Mashimo tu kama ya mwezini. Siku hiyo wengi waliifungia Mirihi jalada.

Ila walifunga mapema mno. Mwaka 1971 Mariner 9 ikaanza kuizunguka, na vumbi lilipotulia yakaonekana mabonde ya mito, marefu na yenye matawi. Maji yalipita pale. Tangu hapo swali si tena kama palikuwa na maji. Ni kama yalikaa muda wa kutosha.

Hapo ndipo roboti Curiosity, iliyotua kasoko ya Gale Agosti 2012, ilipoleta jambo ninalolipenda kuliko yote. Mwaka 2013 ilitoboa tope lililogeuka jiwe, na unga uliotoka ulikuwa wa kijivu, si mwekundu. Wekundu wote tunaousikia ni kutu ya juujuu. Chini yake kulikuwa na udongo wa mfinyanzi uliotokana na maji yasiyo na chumvi nyingi wala tindikali kali. Wale wenzetu walisema waziwazi kwamba ni maji ambayo ungeweza kuyanywa. Zilikuwepo pia kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, fosforasi na salfa, vitu sita ambavyo mwili wa kiumbe yeyote tunayemjua hauendi bila hivyo.

Sasa linganisheni umri. Maziwa yale yalikuwepo zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Hapa duniani, mawe ya Pilbara huko Australia yana tabaka zilizoachwa na vijidudu karibu miaka bilioni 3.5 iliyopita. Kwa hiyo wakati dunia ina vijidudu vyake vya kwanza, jirani alikuwa na mito, maziwa na vitu vyote vya jikoni. Kisha sumaku ya sayari ikazimika, jua likaanza kuipeperusha hewa kidogo kidogo, na leo kanieneo ya hewa iliyobaki pale haifikii hata asilimia 1 ya hii yetu.

Kwa hilo swali la kwanza, mimi binafsi naelekea kwenye "huenda ulikuwepo". Naelekea tu. Sijasaini.

Binti Songwe

Mkuu, samahani kama swali ni la kitoto. Kimondo chetu cha Mbozi kinaweza kuwa kimetoka Mars? Tulipopelekwa na shule mwongoza wageni alituambia kimetoka "sayari nyingine" akaishia hapo.

Kipimajoto (mleta uzi)

@Binti Songwe si swali la kitoto, dada. Cha Mbozi ni chuma, zaidi ya asilimia 90, na kinachobaki sehemu kubwa ni nikeli. Chuma cha namna ile hutoka kwenye kiini cha kijisayari kilichovunjika zamani. Mawe ya Mirihi ni mawe kweli, ya volkano, na usipojua unaweza kulipita ukaenda zako.

Lakini Afrika tunayo yaliyotoka huko. Moja lilianguka Nakhla, Misri, Juni 1911. Jingine Zagami, Nigeria, Oktoba 1962: mkulima alikuwa shambani anafukuza kunguru kwenye mahindi yake, akasikia mshindo mkubwa, na hatua chache kutoka aliposimama akakuta shimo lenye jiwe la kilo 18 hivi. Yanajulikana kwa gesi iliyonaswa ndani ya mawe ya jamii hiyo, maana inalingana na hewa ya Mirihi ilivyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko. Na kinachonifurahisha, kipande kidogo cha Zagami kilibandikwa kwenye chombo Mars Global Surveyor kikarudishwa hadi kwenye njia ya kuizunguka Mirihi. Jiwe limeanguka kwenye mahindi ya Nigeria, likarudi kwao kwa roketi.

Fundi Chumvi

Mimi ni mtu wa Magadi, Kaunti ya Kajiado. Maji yetu ukiyatia mkononi yanateleza kama sabuni, na kwenye chemchemi ni ya moto. Na bado kuna visamaki vidogo vinaogelea humo, na flamingo wanakula. Kama Mungu ameweka samaki ndani ya magadi, Mirihi itamshinda?

Kipimajoto (mleta uzi)

@Fundi Chumvi ndugu yangu wa ng'ambo ya mpaka, hoja yako ni nzuri ila ina ufa mmoja. Wale samaki hawakuanzia kwenye magadi. Mababu zao waliishi ziwa lenye maji ya kawaida, ziwa likakauka taratibu kwa maelfu ya miaka, nao wakazoea taratibu. Uhai ukishakuwepo ni mgumu kuua, huo ni ukweli. Kama ni rahisi kuanza, ni swali jingine.

Na hapo ndipo tunaingia la pili: upo sasa hivi?

Juu ya ardhi, mimi nasema hapana. Wastani wa joto ni kama nyuzi hasi 60, mionzi ya jua inapiga bila kizuizi, na maji yakimwagwa huganda au kuchemka kabla hujamaliza kuyashangaa. Ila kuna jaribio moja ambalo watu wa maabara tunalijadili kama wazee wanavyojadili fainali ya mwaka fulani.

Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua. Kimojawapo cha vipimo vyao, cha Gilbert Levin, kilidondoshea udongo supu ya virutubisho iliyotiwa kaboni yenye mionzi. Wazo ni hili: kama kuna anayekula, atatoa gesi, na gesi itakuwa na mionzi. Gesi ikatoka, tena haraka. Wakachukua udongo mwingine wakauoka kwa nyuzi 160 kuua chochote kilichomo, wakaudondoshea supu ileile. Kimya. Jamani, kwenye maabara yoyote ya wilaya hayo ni majibu ya "yupo".

Lakini kipimo kingine, cha kutafuta kaboni ya viumbe, hakikuona kitu isipokuwa vimelea vya klorini kidogo. Samahani, si vimelea, ni michanganyiko ya klorini. Usingizi huu! Wakasema hiyo ni dawa ya kusafishia chombo iliyobaki tangu duniani, yaani vidole vyetu. Kesi ikafungwa. Miaka 32 baadaye, mwaka 2008, chombo Phoenix kikakuta pakloreti kwenye udongo wa Mirihi, chumvi ambayo ukiipasha moto inaunguza kaboni iliyo karibu na kuacha michanganyiko ya klorini ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo inawezekana kaboni ilikuwepo, na kipimo kiliichoma chenyewe huku kikiitafuta. Safari ile walijilaumu bure. Wengi bado wanaamini gesi ile ilitokana na kemia ya udongo tu, na mimi nimo. Levin mwenyewe alifariki 2021 akisema hadi mwisho kwamba waliuona uhai.

Kama kuna aliye hai leo, nadhani yuko chini sana. Kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, kina cha kilomita 2.8, walikuta kwenye maji ya nyufa bakteria anayeishi karibu peke yake: hana jua, hana hewa. Mionzi ya urani iliyo kwenye mwamba inavunja maji, yeye anakula haidrojeni inayotoka hapo pamoja na salfati. Wakampa jina lenye maana ya msafiri jasiri. Mwamba, maji kidogo, mionzi ya mwamba: Mirihi vyote inavyo. Mwaka 2024 watafiti waliotumia mitetemo iliyorekodiwa na chombo InSight walisema huenda kuna maji kwenye nyufa kilomita 11 hadi 20 chini. Hapo hakuna roboti itakayofika kwa uhai wangu huu.

Mama Wawili

Nimesoma yote nikiwa nasubiri maji. Bomba letu huku Mbagala lina siku ya nne. Mnajua maji ya kilomita 20 chini ya Mars, ya hapa mita 50 hamyajui. Haya, endeleeni.

Siti ya Dirishani

@Mama Wawili 😂😂 mama umeua uzi.

Kipimajoto (mleta uzi)

@Mama Wawili sina jibu, mama. Umeshinda hiyo.

Abu Swalha

Kwa upande wa imani sioni tatizo. Tunamwita Mola wa walimwengu, hatujasema wa ulimwengu mmoja. Tatizo langu ni la tatu, la watakaokuja. Mleta uzi umelitaja mwanzoni ukalikimbia.

Kipimajoto (mleta uzi)

Sijalikimbia ustaadh, nilikuwa natoa majibu dirishani.

Watakaokuja ni sisi. Elon Musk ameshasema sana habari za mji kule. Nafasi ya kurusha hupatikana kila baada ya miezi 26, safari ni miezi 6 hadi 9. Vipande vimeshaanza kujaribiwa: kifaa cha MOXIE ndani ya Perseverance kilitengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa ya ukaa ya Mirihi, jumla gramu 122, inayomtosha mbwa mdogo kwa saa kama kumi. Huko Houston watu wanne walijifungia kwenye nyumba ya mfano kwa siku 378, wakatoka Julai 2024. Udongo wenyewe una ile pakloreti, ambayo inavuruga tezi ya shingo, kwa hiyo mchicha wa kule ungeoshwa kweli.

Lakini roboti tunaisafisha. Inaundwa kwenye vyumba maalumu, inafutwa, vifaa vingine vinaokwa, vijidudu vilivyobaki vinahesabiwa, na maeneo yenye dalili za maji inakatazwa kuyakaribia. Mtu hasafishiki. Mimi nikiwa hapa kwenye kiti nina bakteria wengi kama chembe za mwili wangu mwenyewe. Siku ya kwanza mtu akifungua mlango kule, chupa imeshaguswa na vidole. Ukikuta kijidudu miaka kumi baadaye, nani atasaini kwamba ni cha Mirihi?

Mjomba Tufe

Nilikuja kucheka nimebaki kusoma. Ila nakupinga. Embe si la hapa, limekuja kwa jahazi. Muhogo umetoka Amerika. Mahindi vilevile. Leo toa hivyo vitu vitatu uone kama kuna Mswahili atabaki. Uhai kazi yake ni kusafiri. Hata tukipeleka bakteria Mars, sayari iliyokufa itapata wakazi, ubaya uko wapi?

Mvuvi Mstaafu

@Mjomba Tufe ngoja nikujibu mimi, nipo Kirumba, Mwanza. Babu yangu alivua furu. Wewe pengine hata jina hulijui. Visamaki vya mkononi, vya kila rangi, aina zaidi ya 500, kila mwamba una wake. Miaka ya 1950 wakaleta sangara wakamtia ziwani. Ziwa halikufa. Viwanda vikaja, ndege zikabeba minofu Ulaya, na mimi nimesomesha watoto kwa sangara, simtukani. Lakini furu walipotea kwa mamia, wengine kabla mtaalamu yeyote hajawapa jina. Leo mjukuu akiniuliza walikuwaje nabaki kumwonyesha kwa vidole, hivi na hivi.

Embe lilipokuja hakuna aliyekuwa ametuuliza palikuwa na nini kabla yake. Hiyo ndiyo naona anaisema mleta uzi.

Mjomba Tufe

Mzee shikamoo. Hapo sina la kujibu kwa sasa.

Mvuvi Mstaafu

Marahaba.

Kipimajoto (mleta uzi)

Mzee, ningeanza na hiyo ya furu ningeokoa maneno elfu moja.

Nimalizie na bomba, maana zamu inaisha saa moja na mwenzangu ameshaingia. Jiwe lile haliwezi kutoa jibu likiwa kule. Vipimo vya kutofautisha kaboni ya kiumbe na kaboni ya mwamba vinahitaji mashine za kujaa chumba. Mpango wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa kuyarudisha mabomba ulikadiriwa kufika dola bilioni 11, ukakwama kwenye bajeti. Wachina wana safari yao, Tianwen-3, wanayopanga kuirusha mwaka 2028 hivi na kurudi na udongo karibu 2031, ila wao watachimba mahali pengine. Jiwe la madoa ya chui litaendelea kutembezwa tumboni mwa roboti.

Lakini kuna kitu kimoja kilichonifanya niwaheshimu wale watu. Perseverance ilibeba mabomba 43. Matano kati ya hayo hayana kazi ya kubeba jiwe. Ni mabomba ya shahidi: yanafunguliwa palepale wakati wa kutoboa, yanakutana na hewa na vumbi lilelile la roboti, halafu yanafungwa. Kama kuna uchafu wa duniani, utakuwa umeingia humo pia. Chupa ya pili, wakuu. Wamebeba chupa ya pili hadi Mirihi.

Binti Songwe

Mkuu kabla hujaondoka. Yakirudi yote, ukapewa wewe, ungefungua lipi kwanza?

Kipimajoto (mleta uzi)

La shahidi, dada. Halafu ningempigia yule mzee wetu, amestaafu yuko Singida anafuga kuku, aje akae pembeni yangu nikifungua la pili.